Dondoo muhimu: Injini ikizima siku chache baada ya gereji

Umetoka gereji mjini Machakos, ukapanda Milima ya Mua, injini ikagonga kisha ikazima. Usiiwashe tena. Kila jaribio huvuruga ushahidi na kuzidisha hasara.

Chomoa dipstiki kwanza. Ikitoka kavu, chungulia chini: kizibo cha kumwagia oili, kisha filta. Hapo raba ya zamani huweza kubaki imeng'ang'ania, na filta mpya ikafungwa juu yake (kosa la kipuuzi, lakini huua injini). Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji: shuku gasketi ya hedi, hasa kama hedi ilifunguliwa juzi na bolti zikakazwa kwa kukisia. Taimingi belti ilibadilishwa, na sasa injini inazungushwa na stata kwa wepesi usio wa kawaida? Huenda valvu zimepinda.

Mwite fundi wa pili apime kompresheni kabla hedi haijafunguliwa, yule wa kwanza akiwepo. Piga picha, dai vipuri vya zamani na risiti. Hata hivyo, usimrukie fundi: kuna injini zilizofika gereji zikiwa tayari hoi. Mkishindwana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.