FAHAMU HAKI YAKO: Jamaa Akikamatwa na Asionekane

Mfano: kijana anakamatwa Ijumaa jioni karibu na karakana za Kariobangi Light Industries. Mamake anafika kituoni, anaambiwa jina lake halimo kwenye OB. Afanye nini?

Saa 24. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haiketi, muda unasonga hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa kijana huyu, ni Jumatatu.

Habeas corpus. Jumatatu ikipita, au polisi wakikana kuwa naye, kuna ombi la habeas corpus, yaani kuitaka Mahakama Kuu iamuru anayemzuilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze ni kwa sheria gani anamzuilia. Haki hii imo katika Kifungu cha 51, na Kifungu cha 25 kinasema haiwezi kuwekewa mipaka.

Nani anaweza kuomba? Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu mwingine kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kujiendea. Ada ya kufungua kesi ya haki za msingi hailipwi. Wakazi wa Nairobi huenda Mahakama Kuu, Milimani.

Je, amri hii ina nguvu? Agosti 2024 watu watatu walitoweka Kitengela. Chama cha Mawakili kilienda Mahakama Kuu, nayo ikaagiza waletwe. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi alipokosa kufika, alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kudharau mahakama. Watatu hao waliachiliwa Septemba 20, na hukumu ikaondolewa alipofika kortini.

Mipaka yake. Habeas corpus haiamui kama mtu ana hatia. Aliyekwisha kuhukumiwa na hakimu hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 14.

La kufanya sasa:
1. Uliza katika kila kituo kilicho karibu. Andika saa, na jina au namba ya afisa uliyezungumza naye.
2. Ripoti kutoweka kwake, upewe namba ya OB.
3. Tafuta walioshuhudia akikamatwa. Kiapo chao ndicho kitakachomwonyesha jaji nani alimchukua.
4. Huna wakili? Uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA.