Kiporo Kwenye Maikrowevu: Mwongozo kwa Matumizi ya Nyumbani

Maikrowevu haina moto ndani. Ina kifaa kiitwacho magnetroni kinachotoa mawimbi, na mawimbi hayo hutikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka chakula kikapata joto. Lakini mawimbi huzama sentimita mbili tatu tu. Katikati ya bonge la ugali au pande nene la nyama hungoja joto lisafiri polepole kutoka pembeni. Ndiyo maana wali unaweza kukuunguza ulimi kwa tonge la kwanza, na tonge la pili likawa baridi kama lilivyotoka kwenye friji. Pale palipobaki baridi, vijidudu vya maradhi hubaki hai.

Kupasha kiporo

Tandaza wali kwenye bakuli pana, usiurundike. Nyunyizia maji kijiko kimoja au viwili, funika, acha upenyo mdogo wa kutolea mvuke. Washa dakika moja, toa, geuza ili wa pembeni uje katikati, kisha rudisha. Maharage na mchuzi vikorogwe vivyo hivyo. Mashine ikizima, ngoja dakika mbili kabla ya kula, maana joto bado linasambaa. Kiporo kinatakiwa kifike nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi kila mahali. Kama huna kipimajoto, chimbua katikati uone kama kunafuka mvuke. Usidanganywe na mvuke wa juu.

Kupasha moto hakurudishi uzima wa chakula kilichoharibika. Kwenye mchele huwa kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kupikwa. Wali ukilala kwenye sufuria jikoni, hasa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali uchemke upya. Wali wa namna hiyo utupwe, hata kama haunuki. Tunajua inauma kutupa chakula. Kuharisha na kutapika kwa mtoto kunauma zaidi. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2.

Maziwa ya mtoto mchanga yasipashwe kwa maikrowevu kabisa. Chupa huwa vuguvugu mkononi huku ndani mna sehemu za moto wa kuunguza koo. Iweke chupa kwenye bakuli la maji ya moto.

Vyombo

Tumia glasi ngumu, kauri, au plastiki iliyoandikwa kuwa inafaa kwa maikrowevu. Makopo ya aiskrimu na siagi tunayohifadhia mboga ni ya kuwekea kwenye friji tu. Yakipata moto hulegea na kemikali zake huweza kuingia kwenye chakula. Sufuria, foili, vijiko vya chuma na vikombe vyenye mstari wa dhahabu hutoa cheche.

Yai lenye ganda hulipuka, wakati mwingine baada ya kutolewa. Viazi vitobolewe kwa uma kwanza. Maji ya chai nayo yanataka tahadhari: kwenye kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu hata moja, kisha yakafoka usoni mara unapotia majani au sukari. Weka kijiko cha mbao ndani kabla ya kuwasha.

Umeme na mlango

Maikrowevu ya wati 800 huvuta takriban wati 1200 kutoka ukutani. Kwa dakika 5 hiyo ni sehemu moja ya kumi ya uniti, si gharama kubwa, lakini ni mzigo mzito kwa ekstensheni nyembamba yenye friji na runinga. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Usiiwashe ikiwa tupu.

Wapo wanaoogopa mionzi. Mawimbi haya hukoma mashine inapozima, wala hayabaki kwenye chakula. Mlango ndio unaoyazuia yasitoke. Ukipinda, ukipasuka au ukikataa kufunga sawasawa, acha kuitumia.

Chakula kikishika moto ndani, usifungue mlango. Zima umeme ukutani na uache moto ufe wenyewe kwa kukosa hewa.

Usiifungue mashine mwenyewe hata plagi ikiwa imechomolewa. Ndani mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti, nao huua. Mpelekee fundi anayezijua mashine hizi.