Kiambishi Kisicho na Kitufe: Kiswahili katika Programu za Kuwasaidia Wasioweza Kuzungumza

Utangulizi

Makala haya yanachunguza programu za rununu zinazowawezesha watu wenye ulemavu wa usemi kuwasiliana. Wanaozihitaji ni pamoja na watu wenye mtindio wa ubongo, baadhi ya watoto wenye usonji, na watu wazima waliopokonywa usemi na kiharusi. Hoja yetu ni kwamba kikwazo kikuu cha programu hizi katika Kiswahili ni cha kimofolojia. Kwa hivyo, utatuzi wake unamhusu mwanaisimu sawa na unavyomhusu mhandisi.

Usuli

Wazo la kuzungumza kwa picha lilitangulia rununu. Charles Bliss alichapisha mfumo wake wa alama mwaka wa 1949, na mwaka wa 1971 alama hizo zikaanza kutumiwa mjini Toronto, Kanada, na watoto wasioweza kuzungumza. Mwaka wa 2009, programu ya Proloquo2Go ya kampuni ya AssistiveWare ya Uholanzi ililiingiza wazo hilo katika simu. Mtumiaji hugusa picha moja baada ya nyingine, nayo simu huitamka sentensi.

Aghalabu programu hizi hujengwa juu ya msamiati wa msingi, yaani maneno machache yanayojirudia sana katika mazungumzo. Katika Kiingereza, dhana za nafsi, ukanushaji na kirejelewa cha kitu huwa na maneno yanayojisimamia. Kila neno hupewa kitufe chake.

Tatizo la Kimofolojia

Katika Kiswahili, dhana hizo hubebwa na viambishi. Mtoto akigusa picha za mimi, taka na maji, simu isiyojua sarufi hutamka "mimi taka maji". Msikilizaji ataelewa, ila atadhani mtoto hajui lugha, ilhali kisichoijua ni kifaa. Ukanushaji huzidisha ugumu: katika "sitaki", kiambishi ni- hubadilika kuwa si-, kiambishi cha wakati hudondoshwa na kiishio -a huwa -i. Kitufe kimoja cha "hapana" hakiwezi kuyatenda hayo yote.

Tutazame mifano ifuatayo:

(a) Alinipiga.
(b) Atanipiga.
(c) Hunipiga.
(d) Nilimpiga.

Mzizi ni mmoja, -pig-, na wahusika ni walewale wawili. Hata hivyo, (a) ni ushahidi, (b) ni hofu, (c) ni mazoea na (d) ni kukiri kosa. Mtoto anayesimulia aliyotendewa mbele ya daktari au hakimu, naye ana picha tu zisizopokea viambishi, huwaachia watu wazima kazi ya kukisia. Kiambishi kimoja kikikosewa, mdhulumiwa hugeuka mdhalimu.

Pendekezo

Kwa bahati njema, uambishaji wa Kiswahili una utaratibu unaotabirika. Mtumiaji akichagua mtenda, mtendwa, wakati na kitenzi, programu inaweza kuliunda neno kamili kwa kufuata sheria tunazosomea madarasani. Upatanisho wa ngeli nao unaweza kufanywa vivyo hivyo: akigusa picha za kikombe na kuvunjika, simu iseme "kikombe kimevunjika". Kinachohitajika kwanza ni orodha ya msamiati wa msingi itokanayo na mazungumzo halisi ya Waswahili, wala si tafsiri ya orodha za Kiingereza. Orodha hiyo ivihesabu viambishi pamoja na maneno.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuitaka serikali ikuze mbinu na teknolojia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Ibara ya 54 inawapa watu hao haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazowafaa. Haki hizi mbili hukutana katika kiambishi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali: kuna wenzetu wanaosubiri sarufi yetu ili waseme yao.