Upatanisho wa Mahali: PA, KU na MU

Nomino "uani" hupatana na PA, KU au MU. Maana ndiyo huamua. Mwenye nyumba wa Rumonge akimwambia fundi, "Dishi liweke kule uani," ametaja upande tu. Fundi aweza kulisimika chini ya mchikichi, majani yazuie mawimbi. "Pale uani" huonyesha nukta moja. "Mle uani", ndani ya ua.

Setilaiti za televisheni zi juu ya Ikweta, nasi tu karibu digrii 4 kusini mwake. Ikiwa setilaiti i jirani na longitudo yetu, dishi hutazama juu sana, na mchikichi hudhuru zaidi ya milima ya mashariki. Basi twasema: "Pale pasipo mchikichi panafaa."

Tuangalie pia athari ya Kirundi: aliyezoea "mu nzu hari abantu" husema "mle uani pana dishi" badala ya "mna dishi".