Pima Kwanza, Fungua Baadaye: Vidokezo 9 vya Kupima Kompresheni ya Injini

Gari linamisi tangu Gede, tuktuk imekata nguvu ikibeba abiria watatu, pikapu inafuka moshi wa buluu kila asubuhi. Ukifika gereji, unaambiwa injini ifunguliwe. Usikubali bado. Kufungua injini ni gharama ya gasketi, oili, vipuri na kazi ya fundi, juu ya siku kadhaa bila kipato. Mara nyingi ugonjwa ungejulikana mapema kwa geji ya kompresheni, bila kufungua chochote zaidi ya plagi.

Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole gumba, kisha sukuma: pampu nzima inakisukuma kidole, iliyochoka inavujisha. Silinda nayo ni hivyo hivyo. Presha yake inashikiliwa na ringi za pistoni, valvu na gasketi ya hedi. Kimoja kikivuja, nguvu inapotea. Haya ndiyo ya kujua, uwe dereva au fundi, hapa Pwani ya Kenya kuanzia Mtwapa hadi Marereni.

1. Ondoa kwanza shaka za bei nafuu. Kumisi hakumaanishi injini imekufa. Hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, nunua koili, mambo yaishe. Lisipohama, jaribu vivyo hivyo na plagi, kisha angalia injekta na kichujio cha hewa. Hayo yote yakiwa sawa, sasa ita geji.

2. Plagi zisitolewe kwa nguvu. Hewa ya bahari ina chumvi, na plagi iliyokaa miaka bila kuguswa hung'ang'ania kwenye hedi ya alumini. Puliza mchanga uliojaa kwenye shimo lake kabla hujailegeza, usije ukaingia kwenye silinda. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha zungusha kidogo kidogo mbele na nyuma. Zipange kwa namba ya silinda na uzitazame: yenye oili inaashiria ringi au sili za valvu, na iliyooshwa ikang'aa peke yake inaashiria maji yanayoingia.

3. Andaa gari vizuri, ama namba zitakudanganya. Injini iwe imepata moto wa kawaida. Betri iwe imejaa, kwa sababu stata ikizunguka polepole geji itasoma chini hata injini ikiwa nzima. Toa plagi zote, si moja. Chomoa soketi za koili na za injekta ili kusiwe na cheche wala petroli. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Na asiwepo mwenye sigara karibu.

4. Macho yawe kwenye mshale tangu mpigo wa kwanza. Hapa ndipo wengi wanakosa: wanasubiri namba ya mwisho tu. Piga stata mipigo mitano au sita kwa kila silinda, idadi iwe sawa. Silinda nzima hurusha mshale juu mara moja, na mipigo inayofuata inamalizia tu. Ringi zikiwa zimelika, mshale huanza chini kisha hupanda ngazi kwa ngazi. Valvu ikivuja, huanza chini na kubaki huko huko. Andika namba mbili kwa kila silinda: ya mpigo wa kwanza na ya mwisho.

5. Linganisha silinda na mwenzake. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi 125 na 200, na za dizeli mara nyingi hupita 350. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Hata hivyo, tofauti kati ya silinda ina uzito zaidi kuliko namba moja moja. Ukipata 175, 170, 172 na 110, silinda ya nne inavuja, kwa sababu iliyo dhaifu haifai kushuka chini ya asilimia 85 hivi ya iliyo juu zaidi. Zote zikiwa chini kwa pamoja, angalia betri na taimingi kabla hujalaumu ringi. Mbili zilizo jirani zikianguka pamoja, shuku gasketi ya hedi katikati yake.

6. Namba za Nairobi si namba za Malindi. Jambo hili huwaponza wanaonunua magari bara. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko iko chini ya ile ya Pwani kwa takriban humusi moja. Injini inayosoma 175 Malindi inaweza kusoma 140 hivi Nairobi, ikiwa na afya ile ile. Basi 140 ya Nairobi isikukatishe tamaa, lakini 140 ile ile ikipimwa Watamu kwenye injini ya aina hiyo hiyo inataka maelezo.

7. Kijiko cha oili kitakuambia ni ringi au ni valvu. Silinda iliyosoma chini, itie kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, kisha pima tena. Oili huziba kwa muda nafasi ya ringi. Namba ikipanda sana, ringi au kuta za silinda zimelika. Isipobadilika, tafuta kwenye valvu au gasketi. Usifanye hivi kwa dizeli: nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno na oili inaweza kuwaka au kuvunja kitu. Dizeli pia haipimwi kwa geji ya petroli. Ina geji yake ya presha kubwa.

8. Fuata hewa inakotokea. Pandisha pistoni hadi juu, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Toa mikono kwenye feni na mikanda, maana injini inaweza kujizungusha. Sasa sikiliza. Sauti kwenye ekzosi: valvu ya kutolea moshi. Sauti kwenye njia ya kichujio: valvu ya kuingiza hewa. Sauti kwenye tundu la dipstiki: ringi. Mapovu kwenye redieta: gasketi au ufa. Gereji zenye vifaa zaidi hufunga sensa mahali pa plagi na kusoma presha kwenye skrini injini ikinguruma, hivyo taimingi iliyoruka na ekzosi iliyoziba vinaonekana wazi. Wazo lenyewe ni la kale: mwaka 1796 John Southern, msaidizi wa James Watt huko Uingereza, alikuwa akichora kwa penseli presha ya ndani ya injini ya mvuke.

9. Ukishajua kilichoharibika, tafuta kilichokiharibu. Maji ya kisima ya Pwani yana chumvi na chokaa. Ukiyatia kwenye redieta yanaacha ukoko, injini inachemka, gasketi inaungua. Badala yake tumia kulanti. Vumbi la barabara za Marafa na Bamba likipita kwenye kichujio kilichotoboka linasaga ringi kama msasa. Na Mto Sabaki ukifurika, usilazimishe gari kupita. Maji hayabanwi, kwa hiyo injini ikiyavuta konrodi inapinda, na silinda hiyo itasoma chini daima. Gari likizima majini usipige stata. Toa plagi kwanza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwombe fundi akuandikie namba za kila silinda pamoja na tarehe na kilomita, na uziweke ndani ya gari. Fundi mzuri hatakasirika, kwa sababu namba hizo zinamlinda yeye pia. Unayenunua gari lililotumika, omba kipimo hiki kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, tafuta gari lingine. Na wewe unayefundisha vijana kwenye gereji ya jua kali, wape geji kabla ya kuwapa spana. Kila injini isiyofunguliwa bure ni karo ya mtoto au chakula cha nyumba kilichobaki mfukoni mwa mwenye gari.