Chumba na sebule Mji Mkongwe: tazama kuta kabla ya kuuliza kodi

Nimeonyeshwa nyumba ya chumba kimoja, sebule na jiko, ghorofa ya pili, Kiponda. Nianze kukagua nini?

Kuta na dari. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa tena. Fundi akiupiga saruji, unyevu hukwama ndani na jiwe huanza kulika. Gonga plasta kwa kidole: ikilia kama ina uwazi ndani, imeshaachana na ukuta. Pitisha kiganja chini ya dirisha. Kikitoka na unga mweupe wa chumvi, maji yanaingia. Kisha tazama boriti pale zinapozama ukutani, maana mara nyingi huanza kuoza hapo. Dari ikiwa imebonyea, usiichukue nyumba hiyo hata ukipewa bure. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka Disemba 25, 2020, ikiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kama unaweza kusubiri, irudie nyumba baada ya mvua kubwa ya masika.

Chumba ni chembamba. Mwenye nyumba anasema naweza kuvunja ukuta wa kati.

Usiuguse. Upana wa vyumba hivi ulifuata urefu wa boriti, mita 3 hivi, na huenda ukuta huo ndio umebeba ghorofa ya juu. Isitoshe, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na kubadilisha jengo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Na maji na umeme?

Mita ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Uliza tangi liko wapi na umeme wa pampu analipa nani. Pima na ngazi pia: gari halifiki mlangoni, na kuna friji zisizopita.

Dalali anataka kodi ya miezi sita leo hii.

Jua kwanza nyumba ni ya nani. Zipo za watu binafsi, zipo za Serikali zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zipo za wakfu. Zinazonitia wasiwasi zaidi ni za mirathi isiyogawanywa: ndugu mmoja anapokea kodi, mwenzake yuko Muscat hana habari, na siku akirudi mpangaji ndiye anayetolewa. Anayekupangisha akiwa naye ni mpangaji wa Serikali au wa wakfu, akuonyeshe ruhusa ya maandishi. Nenda kwa sheha, ambaye utapaswa kujitambulisha kwake hata hivyo, umuulize. Wasalimie na wazee wa barazani. Historia ya nyumba wanayo. Mkataba utaje paa likivuja nani analitengeneza, kwa muda gani, na kwamba ukuta utazibwa kwa chokaa, si saruji.