Jasho na Chumvi ya Mkimbiaji

Waalimu wasimamiao mbio za vijana wameona mara nyingi ya kuwa shati la mkimbiaji likikauka huonyesha mistari myeupe mgongoni. Ile ni chumvi iliyotoka mwilini pamoja na jasho. Kwa hiyo wengi husadiki ya kuwa jasho jingi huiacha damu na chumvi haba, na ya kuwa dawa yake ni kumnywesha mkimbiaji maji tele. Katika maneno hayo mna kosa, nalo laweza kumwua mtu.

Natutazame hesabu. Maji ya chumvi ambayo madaktari humtilia mgonjwa mshipani yana gramu 9 za chumvi katika lita moja, kwa kuwa kipimo hicho chakaribia damu. Lita moja ya jasho ina kama gramu 1 hata 5 tu, maana tezi za ngozi hurudisha sehemu ya chumvi ndani kabla jasho halijatoka. Basi akimbiaye bila kunywa hupoteza maji kuliko chumvi, na damu yake huzidi ukali, kama mchuzi uliochemka mno. Hapo kiu humshika. Lakini ukimimina maji mengi chunguni, mchuzi huwa chapwa. Na damu ni vivyo hivyo.

Mtu aliyetulia nyumbani hukojoa maji yaliyozidi. Katika mbio ndefu mwili hutoa homoni iyazuiayo mafigoni, nayo huingia katika chembe za mwili na kuzivimbisha. Kidole kikivimba, pete hubana, wala si neno kubwa. Ubongo, kwa kuwa umefungwa ndani ya fuvu, hauna mahali pa kutanukia: mtu huumwa na kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, hushikwa na kifafa, na pengine hufa.

Habari hizi si za kubuni. Mwaka 1985 Dr. Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo, wakiwamo wakimbiaji wa Comrades, mbio za kilometa 90 hivi kati ya Durban na Pietermaritzburg. Huko Boston, Marekani, mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya marathoni. Watu 13 katika kila 100 walikuwa na sodiamu pungufu, na 3 kati ya wote walikuwa katika hatari kubwa. Walioongezeka uzito njiani ndio waliopatwa zaidi. Ajabu kweli, mtu kukimbia kilometa 42 na kurudi mzito kuliko alivyoondoka!

Vinywaji vya wanamichezo viuzwavyo madukani navyo ni vyepesi kuliko damu, hivyo anywaye kupita kiasi haviwezi kumwokoa. Mkimbiaji na anywe kwa kiu yake. Mwenye mizani na ampime kabla na baada: kupungua kidogo si ubaya, kuongezeka ni dalili mbaya.

Wala si kila aangukaye ameshiba maji. Wengine wamepatwa na joto kali, nao huhitaji kupozwa mwili upesi. Damu ndiyo itakayoamua. Kwa hiyo aliyechanganyikiwa akili asinyweshwe maji kwa nguvu. Apelekwe hospitali bila kukawia, na ampelekaye amweleze daktari mgonjwa amekunywa kiasi gani.